Baiskeli ya Saizi Yako

Soweto, Kibera
Jumapili jioni

Nafula mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umetoka hapa mchana umenuna, umeenda Gatina kuaga wenzako wa kwaya, na umesema utalala hukohuko urudi alfajiri kuchukua mizigo. Yangu ni kwamba nimekasirika, na goti linaniuma, kwa sababu kila nikitaka kufika kwenye jiko lazima nipite kando ya hiyo baiskeli yenu nyeusi, na kila nikipita pedali inanigonga palepale iliponigonga jana. Nyumba ni chumba kimoja na baiskeli imechukua nusu. Nimekaa kitandani na karatasi iko magotini, maana hakuna pengine pa kukaa.

Naandika kwa sababu tukiongea tunagombana. Tangu jana hatujamaliza sentensi moja bila mmoja wetu kutoka nje. Karatasi haitoki nje, na wewe huwezi kunikata katikati. Sitakuambia uchemshe maji ya kunywa, wala uombe kabla ya kulala, wala uchunge marafiki. Umekaa chuo cha ualimu ukarudi mzima, hayo unayajua. Mimi nina neno moja tu, na ni juu ya baiskeli, na utanivumilia mpaka nimalize.

Ilianza na ile barua ya mwalimu mkuu wako mpya. Alisema nyumba za walimu ziko sokoni, shule iko mbali, na njia ni ileile barabara ya trela zinazoenda mpakani Busia. Akasema mwalimu aje na baiskeli. Wewe hujui kuendesha baiskeli. Una miaka ishirini na mbili na hujui, na hiyo ni kazi yangu, nitaifikia. Lakini anko wako Wafula hakuuliza kama unajua. Alisikia tu neno baiskeli, akaenda Kawangware, akarudi anaisukuma hii baiskeli nyeusi wanayoiita mamba, na watoto wa ploti nzima wako nyuma yake, anatabasamu mpaka masikio.

"Mwalimu hawezi kutembea na mguu," alisema. "Hii ni chuma. Hii ni ya heshima."

Sikusema kitu siku hiyo. Wafula ni ndugu ya marehemu baba yako, amebeba mawe kwa mjengo akajinyima akakununulia zawadi, na mimi si mtu wa kumtemea mtu kwenye zawadi yake. Hilo ndilo linaniudhi zaidi. Angekuwa mtu mbaya ningegombana naye nikamaliza. Sasa ni mtu mzuri amefanya jambo la kijinga kwa moyo safi, na nimebaki na hasira yangu sina pa kuiweka.

Halafu jana nikaja uwanjani kuona. Anko wako ameshika keria kwa nyuma, wewe uko juu, unakanyaga kwa ncha za vidole. Alipokuachilia ulienda vizuri, sikatai. Ulienda mpaka karibu na goli. Ikabidi usimame. Nilikuona ukitafuta ardhi kwa mguu wa kushoto, ukaikosa, ukaitafuta kwa wa kulia, ukalala nayo chini. Uliamka ukapangusa sketi, na kabla sijafungua mdomo ukaniambia lile neno.

"Nitazoea, mum."

"Utazoea nini? Urefu?"

"Si ni siku za kwanza tu? Kila mtu huanguka."

"Kuanguka kwa uwanja ni sawa. Huko kuna trela."

"Anko ataskia vibaya. Ameteseka juu ya hii kitu."

"Kwani ni anko ataiendesha?"

Na Wafula amesimama pale na hiyo miguu yake ya korongo, anacheka. "Wacha kuogopa, Mama Nafula. Mamba ni ya kila mtu. Babangu alikuwa anabebanga gunia mbili na hiyo kitu."

"Babako alikuwa anainama akiingia kwa mlango," nikamwambia. "Huyu mtoto haugusi hata akiruka."

Mlicheka wawili. Mimi sikucheka. Kutoka uwanjani mpaka hapa nimekuwa nikiwaza juu ya hilo neno lako, nitazoea, kwa sababu najua vizuri ulilitoa wapi. Ulilitoa kwangu. Nilikufundisha kabla hata hujajua kuandika jina lako.

Wewe hujawahi kuvaa kitu cha saizi yako, Nafula. Umewahi kufikiria hilo? Kila Januari tulienda soko la mitumba la Toi, na mimi nilimwambia muuzaji aniongezee, aniongezee tena, mpaka mikono ya sweta ikapita vidole vyako. Viatu nilikuwa natia gazeti mbele. Nilikunja karatasi vizuri, nikaigandamiza kwa kidole gumba, nikakuvalisha, nikakuambia tembea. Ulitembea kwa sauti, kwap, kwap, ukaniangalia. Nikasema utazoea, utakua uvijaze. Na wala sikuwa peke yangu, kila mama wa hapa alifanya hivyo na bado anafanya. Mtu akinunua kitu kinachomtosha mtoto leo anaonekana hana akili, maana mwakani atanunua nini?

Unakumbuka siku ya michezo ulipokuwa darasa la nne? Ulikuwa na mbio, na kila mtu alijua, na mimi niliacha kazi nikaja. Kiatu kimoja kilibaki nyuma mwanzoni kabisa na gazeti likatoka likafunguka katikati ya uwanja. Ulirudi kukichukua. Wenzako wanafika kwenye utepe na wewe umechuchumaa unarudisha gazeti kwa kiatu. Mwalimu alicheka, na mimi pia nilicheka, ndiyo kitu siwezi kusahau. Jioni nilikuambia hata hukuwa unashindana na mtu wa maana. Wewe ukasema, "Nitakua tu, mum." Hukulia. Laiti ungelia, ungenirushia hata hicho kiatu.

Sasa nikuambie juu ya mamba yangu mimi, kwa sababu hadithi unayoijua ni ya mayai tu, na hata hiyo watu wa ploti wameiongezea chumvi.

Mimi baiskeli niliijua kwa nyuma. Baba yako alikuwa na moja huko nyumbani, na mimi nilikaa kwenye keria kwa upande, miguu pamoja, wewe mgongoni, vile wanawake wote wa kwetu walivyokaa. Mwanamke wa kuendesha hakuwako, labda masista wa misheni. Nilijua kutulia, nilijua kuegemea kwenye kona, nilijua hata kuruka chini ikiwa bado inakwenda. Nikadhani basi najua baiskeli. Baba yako alipofariki tukabaki wawili hapa Nairobi, nikaanza kazi ya mayai. Nilichukua kwa Mama Wanjiku kule Gatina, yule mwenye ploti na kuku, nikaleta kwa vibanda vya hapa Soweto. Nilitembea, trei ziko kichwani, jua liko juu ya trei. Mwaka ule ulipoingia darasa la nane shingo yangu ilikataa kabisa. Nikasema nitanunua baiskeli, nitajifunza, hata kama nina miaka thelathini na kitu na watu watacheka.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo imeanza. Nilienda kwa jamaa mmoja wa Kawangware aliyeuza za mitumba, ameziegemeza ukutani nje ya duka. Kulikuwa na moja ya gia, tairi nene, rangi ya machungwa, imetoka kwa nyumba ya tajiri fulani huko Lavington. Kijana mmoja alikuwa ameishika hata kabla sijafika, na vizuri, maana ungeniuliza gia ni za nini ningekuambia ni urembo. Na wewe najua uliitamani ya gia kabla anko hajaleta hii. Ungeniuliza ningekukataza, si kwa ubaya. Zile waya zikikatika huko soko la kijijini fundi atakuangalia kana kwamba umemletea televisheni.

Zikabaki mamba, nyingi, na nyuma kabisa moja ya buluu. Ilikuwa fupi, na paipu ya juu haikuwa juu, imeinama kama shingo ya bata anayekunywa maji, hivi kwamba unaingia bila kuinua mguu. Muuzaji hata hakunionyesha. Nilipouliza akasema, "Hiyo ni ya masista, mama. Inakaa tu hapo. Chukua chuma."

Nilimuuliza maswali mengi sana, nataka ujue, sikununua kama mjinga. Niliuliza ipi inabeba zaidi. Ipi spea zake ziko kila mahali. Ipi haiozi na mvua. Nikaigonga fremu kwa kidole kama mtu anayechagua sufuria. Alinijibu yote, na yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa juu ya baiskeli. Hakuna hata moja lililokuwa juu yangu. Sikuipanda. Sikusimama juu yake kuona miguu inafika wapi. Mimi ninayejua kumpima mtoto kwa macho, sikujipima.

Na bei ilikuwa karibu moja, ile kubwa na ile ndogo. Hapo ndipo nilipoingia mtegoni. Ukizaliwa ulikozaliwa, ukaishi hapa tunapoishi, ukipewa kubwa na ndogo kwa pesa ileile, unachukua kubwa. Hata hufikirii. Nilichagua baiskeli vile nilivyochagua sweta yako. Kitu pekee nilichosahau ni kwamba mimi nilikuwa nimeshamaliza kukua.

Nilijifunza Jumapili mchana, watu wakiwa wamelala baada ya chakula. Nilivaa suruali ya baba yako chini ya sketi, na hata hiyo ilisemwa kanisani. Leso iliingia kwa cheni ikatoka vipande viwili. Vijana wa ukutani walikuwa na kazi yao. "Niaje, mathe! Leo ni safari rally?" Nilijikaza. Kwenda nikajua. Ukishaenda, Nafula, mamba ni tamu, nadhani umeonja. Inajipeleka yenyewe. Shida ni kwamba lazima mahali fulani usimame, na mimi nikisimama ardhi ilikuwa mbali, na nikishasimama siwezi kupanda tena bila kitu cha kukanyagia.

Basi nikawa mtu wa mawe. Hilo hukulijua, sikumwambia mtu. Nilijua kila jiwe kutoka kwa Mama Wanjiku mpaka hapa. Jiwe la lango la kanisa, ukingo wa daraja, gogo la muuza makaa, ngazi ya duka la dawa. Nilisafiri kutoka jiwe hadi jiwe. Mteja akiniita mahali hapana jiwe, nilijifanya sijasikia, nikapita, nikasimama mbele kwenye jiwe langu, nikarudi kwa miguu. Nilipoteza wateja wawili waliosema nina maringo. Kwenye barabara kubwa sikushika breki, kwa sababu breki maana yake ni kusimama, na kusimama maana yake ni kuanguka. Nilikuwa naangalia kama gari liko mbali, naomba Mungu, napita. Kila siku. Na wewe uko shuleni unasoma, hujui kwamba mama yako anavuka Ngong Road kwa maombi.

Na unajua nilijiambia nini kila asubuhi? Nilijiambia nitazoea.

Siku ya mayai sikuwa na haraka wala sikuwa na mawazo. Nilikuwa nateremka ule mteremko wa kuingia hapa, trei zimefungwa na mpira nyuma, na jamaa wa mkokoteni akatokea kwenye kichochoro na mitungi yake ya maji. Hakukosea. Alisimama. Mtu yeyote mwenye miguu inayofika chini angesimama pia, wakasalimiana, wakapishana. Mimi nilishika breki, ikatii, ni breki nzuri, ikasimama kabisa, na mimi niko juu sina ardhi. Tukaenda upande polepole, mimi na mamba na mayai. Nilikuwa na muda wa kuona kila kitu. Nilimwona yule jamaa akiacha mkokoteni kuja kunishika, na nilijua hatafika.

Wanawake walitoka na sufuria. Wengine walikuja kuniinua na wengine walikuja kuyachota mayai, na waliokuja kuniinua walikuwa wameshika sufuria pia, siwalaumu. Upande ule wote wa Soweto ulinuka mayai ya kukaanga jioni hiyo. Tulikula na sisi. Wewe ulikula mengi ukafurahi, ukaniuliza kwa nini siangukangi kila siku.

Kesho yake nilisukuma baiskeli mpaka Gatina, mkono umevimba, nikamweleza Mama Wanjiku. Nilifikiri atanigombeza juu ya mayai yake. Alinizunguka, akaitazama mamba, akanitazama mimi, akapima kwa mkono kutoka kwa kiti mpaka kiunoni kwangu. Halafu akakaa kwenye debe la chakula cha kuku akacheka mpaka akashika mbavu.

"Wee Mama Nafula," alisema, "hii kitu ulinunua ukingoja kukua?"

Nilikasirika naye sana. Nilienda nyumbani bila kumuaga. Nilikasirika mpaka nikafika hapa mlangoni, na viatu vyako vya shule viko pale nje umevianika, na magazeti yako yamewekwa kando kwa jua ili yakauke urudishe kesho. Ulikuwa unayatunza. Darasa la nane, na ulikuwa bado unayatunza. Nilikaa hapo kwa mlango na sikuwa na hasira tena na Mama Wanjiku.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Ile ya buluu ilikuwa palepale nyuma, imejaa vumbi, kwa sababu kila mtu aliyekuja alitaka chuma. Nilimwambia nataka kubadilisha. Alisema nitajuta. Safari hii sikumuuliza swali hata moja. Niliitoa nje, nikaingia, nikakaa kwenye kiti, nikashusha miguu. Ilifika chini. Yote miwili, soli nzima. Nilikaa tu hapo kando ya barabara, siendi popote, na muuzaji ananiuliza kama kuna shida. Hakukuwa na shida. Nilikuwa nimesimama juu ya baiskeli na sianguki, na nilikuwa sijajua kwamba hilo linawezekana kwa mtu kama mimi.

Siku hiyo nilisimama kila mahali. Nilisimama kwa wateja, nilisimama kusalimia watu nisiowajua. Kwenye Ngong Road nilisimama mpaka magari yakaisha. Haikimbii kama mamba na haibebi kama mamba, na walinicheka kwamba nimekuwa sista. Lakini tangu siku hiyo sijavunja mayai isipokuwa yale ambayo kuku mwenyewe ametaga vibaya.

Ungedhani basi nilijifunza. Hapo ndipo ninapojichukia kidogo. Januari iliyofuata uliitwa fomu wani, na mimi nikaenda Toi kwa hiyo hiyo baiskeli ya saizi yangu, nikakununulia sweta ambayo mpaka unamaliza fomu foo ilikuwa bado ina nafasi ya mtu wa pili. Ulikunja mikono, ukasema utazoea. Nilisikia, na nikalipa hivyo hivyo. Kujua kitu kwa mwili wako ni rahisi. Kukijua kwa mtoto wako, ukiwa na hofu ya mwakani, hiyo mimi ilinishinda.

Na baiskeli yenyewe nilikunyima. Ulikuwa unaiomba, unakumbuka? "Mum, nizungushe tu hapa kwa uwanja." Nikasema usiguse, hiyo ni ya kazi. Siku moja nilikupiga kofi kwa kugusa kengele. Ungejifunza ukiwa na miaka kumi na minne, mifupa laini, hakuna trela. Sasa unajifunza mtu mzima, kwa wiki moja, juu ya mamba, mbele ya anko anayecheka. Kwa hivyo ukiniona nimefura jana pale uwanjani, usidhani ni wewe peke yako niliyekuwa namfuria.

Sasa sikiliza, kwa sababu giza linaingia na sijawasha taa.

Mamba si baiskeli mbaya. Sitaki umwambie Wafula kwamba mama amesema ni mbaya. Ni nzuri sana kwa mtu mwenye miguu ya Wafula. Huyo anko wako niachie mimi. Nitamwambia aiendeshe mwenyewe aende nayo mjengo, aache kupanda gari na kulalamika. Atanuna wiki moja, nitampikia kuku, atasahau. Wewe kazi yako si kubeba furaha ya anko kwenye barabara ya trela. Umebeba za watu vya kutosha, na zangu zikiwemo.

Mchana ulipotoka niliichukua ile ya buluu nikaiosha. Nimetia mafuta kwa cheni. Nimebadilisha tyubu ya nyuma, nimefunga breki mpya, nimekaza keria ambayo ilikuwa inalia. Nimeitoa kamba zangu za trei, utafunga vitabu vyako upendavyo. Sasa ziko mbili humu ndani na mimi nimekunja miguu kitandani kama kuku wa Mama Wanjiku. Ukija alfajiri utazikuta zote mbili nje ya mlango. Barua hii nitaifunga kwenye usukani wa mamba, kwa sababu najua utaenda kwa hiyo kwanza.

Sikuchagulii. Nimekuchagulia mengi. Ninachokuomba ni ufanye kile mimi sikufanya. Panda ya kwanza, usiende popote, simama tu. Halafu panda ya pili, simama tu. Wafula akikuambia chuma, acha aseme. Mimi nikikuambia neno, acha niseme, hata mimi nina mdomo. Sikiliza nyayo zako, ndizo zitakazokuwa huko barabarani, sisi tutakuwa hapa Nairobi tunakunywa chai. Ukichukua mamba baada ya hapo, nitakusaidia kuipandisha juu ya basi na sitasema kitu. Nitajaribu kutosema kitu.

Na usianze kuniuliza nitabeba mayai na nini. Hilo swali nimelisikia hata kabla hujaliuliza. Njia ya Gatina naijua, na shingo imepumzika miaka yote hii, inaweza kurudi kazini mpaka nipate nyingine. Ukinibishia juu ya hilo hapo stendi mbele ya watu nitakuaibisha kwa kulia, na unajua naweza.

Kitu kimoja cha mwisho. Nilipomaliza kuiosha nilichukua spana nikushushie kiti. Nilikuwa nimeshalegeza nati. Halafu nikakumbuka asubuhi tukienda kanisani, ulisimama kando yangu kwa kioo cha yule jirani muuza nguo, ukanirekebishia kola. Mabega yako yalikuwa kwa mabega yangu. Sijui ulinifikia siku gani. Miaka yote nilikuwa nakununulia nguo za mtu atakayekuja, na huyo mtu alikuja, akakaa hapa nyumbani, na sikumwona kwa sababu ya sweta.

Nikakaza nati palepale ilipokuwa. Kiti kiko mahali ninapokikalia mimi. Hutahitaji kuzoea, na hutahitaji gazeti.

Mama yako,
anayekungoja mlangoni alfajiri, na ambaye hatanuna